Nusu Inchi ya Dovie

Rhetta Haskew angeulizwa ni siku gani alishindwa mashindano ya taifa ya farasi wafupi, asingetaja Jumapili, siku aliyoingia uwanjani. Angetaja Alhamisi, saa kumi za alasiri, bandani kwao nje kidogo ya mji wa Ardmore, pale alipouinua mguu wa mbele wa Dovie, akaubana katikati ya magoti yake, na kumwambia baba mkwe wake: haya, kata.

Dovie alikuwa farasi jike wa rangi ya asali, mfupi kiasi kwamba Marnie, binti wa Rhetta mwenye miaka sita, aliweza kumkumbatia shingo bila kunyanyua visigino. Mgeni angedhani ni mtoto wa farasi, kumbe alikuwa mtu mzima wa miaka mitano. Ukoo wao ni wa farasi wafupi, na ufupi ndio mali yao yote. Mwisho ni inchi thelathini na nne, kutoka sakafuni mpaka pale manyoya ya shingo yanapokoma juu ya mabega. Akizidi hapo, hata kwa unene wa ukucha, chama cha wafugaji kinalifuta jina lake kwenye daftari, yeye na watoto wote atakaowazaa, na anabaki kuwa kitu cha kupigia picha kwenye sherehe za watoto. Mwaka wa tano ndio wa hukumu. Farasi anapimwa mara ya mwisho, urefu wake unaandikwa kwenye cheti cha kudumu, na hakuna atakayeugusa tena mpaka mnyama afe.

Kwa hiyo Rhetta hakuwa na usingizi tangu majira ya joto yaanze.

Pale kwa akina Haskew kulikuwa na farasi kumi na wanane, na wote waliandikwa jina la mzee Orval, baba wa mume wake. Rhetta alikuwa ameolewa pale miaka minane, akisafisha mazizi, akinyoa, akikesha na majike wanaojifungua, na jina lake halikuwa limeonekana kwenye karatasi hata moja. Dovie ndiye alikuwa wa kwanza. Mama yake alimkataa saa ile ile alipomdondosha, akamrushia teke. Orval akasema huyo hatafika asubuhi, amchukue anayemtaka. Rhetta akamchukua. Kwa wiki sita alimnywesha maziwa kwa chupa kila baada ya saa mbili, huku Marnie, ambaye naye alikuwa bado mtoto wa kunyonya, akilala kwenye kapu la nguo juu ya nyasi kavu. Usiku mwingine alikuwa hajui ni yupi kati ya wale wawili anayelia. Na Dovie alipopona, Orval alitimiza neno lake: kwenye karatasi za usajili, mstari wa mfugaji, akaandika Rhetta Haskew. Mstari huo Rhetta aliusoma mara nyingi kuliko barua zote ambazo mume wake aliwahi kumwandikia kutoka kwenye mitambo ya mafuta ya Ghuba, alikokuwa akifanya kazi.

Sasa Alhamisi hiyo, trela likiwa limeshafungwa nyuma ya pikapu na mizigo imeshapakiwa, Orval alisema wampime kwa mara ya mwisho ili wasafiri na roho safi. Akaileta fimbo yake. Ilikuwa fimbo ya mwaloni yenye mkono wa shaba unaopanda na kushuka, na wafugaji wa kaunti nzima walikuwa wakija kupimia kwayo, maana ilisemekana haijawahi kukosea. Akaisimamisha kando ya bega la Dovie, akaushusha mkono wa shaba taratibu, akainama kusoma. Akapima tena. Mara ya tatu akamwita Rhetta asome mwenyewe.

Thelathini na nne na robo.

Miaka miwili nyuma, kwenye kipimo rasmi cha muda, Dovie alikuwa thelathini na tatu na nusu. Rhetta alimwambia Orval haiwezekani, farasi wa umri ule haongezeki namna hiyo. Orval akajibu kwamba amewahi kuona maajabu makubwa zaidi, kisha akaenda kuchukua tupa na koleo la kwato.

"Tutampunguza," alisema.

Rhetta alimkumbusha kwamba fundi alishazikata kwato zile wiki mbili zilizopita, na hapakuwa na cha kukata. Mzee akasema kidogo hakikosekani. Nusu inchi hivi, pande zote nne, wapate na akiba. Atachechemea kesho, kesho kutwa atakuwa sawa. Watamlaza kwenye maranda manene, na Jumapili atakimbia kama kawaida. Alikwisha kufanya hivyo mwaka fulani kwa dume lake, na dume likarudi na utepe wa ushindi. Wote wanafanya, alisema. Anayekwambia hafanyi, mtazame miguu ya farasi wake.

"Lakini ataumia, baba."

"Mwanangu, unataka cheti au unataka kwato? Kwato zinaota."

Hapo ndipo Rhetta alipokuwa na nafasi ya kusema wabaki nyumbani. Alitazama trela. Alitazama bango ambalo Marnie alilichora kwa kalamu za rangi, jina la Dovie likiwa na herufi moja imegeukia upande usio wake. Akauinua mguu.

Tupa ilikula nyeupe, ikala nyeupe, halafu chini ya ule weupe rangi ya waridi ikaanza kuchungulia, kama fizi. Aliiona. Dovie alitetemeka mara moja na kuuegemeza uso wake kwenye bega la Rhetta, kwa sababu maisha yake yote hapo ndipo alipokuwa anaegemea akiogopa. Rhetta akamshika masikio, akamwambia vizuri, vizuri, tunamaliza. Wakamaliza miguu yote minne. Kisha Orval akapima: thelathini na tatu na robo tatu. Akapiga mluzi.

Fort Worth, mji wa mashindano, walifika Ijumaa mchana. Ndani ya jengo la mazizi palikuwa na farasi mamia, na kila upande mashine za kunyolea zilikuwa zikivuma kama nyuki. Watu walikaa kwenye vigoda wakiwapaka farasi mafuta kuzunguka macho na puani, wakiwaziba masikio kwa pamba, wakipigana vijembe juu ya kuta za mbao. Eneo la Nedra Colfax lilikuwa limetundikwa mapazia ya buluu yenye nyuzi za dhahabu, na mbele yake makochi ya ngozi na sufuria la nyama ya kifua iliyookwa kwa moshi, kila mpita njia akaribishwe. Nedra alikuwa na farasi wengi kuliko alivyoweza kuwataja majina, na neno lake lilitosha kumfanya mfugaji mdogo ajulikane au asahaulike.

"Orval Haskew," aliita, "kumbe bado hujafa?"

"Nasubiri utangulie wewe, unishikie nafasi kwenye kivuli."

"Huko unakoenda wewe hakuna kivuli, baba."

Watu wakacheka. Nedra akamgeukia Rhetta na kumwita mpenzi, akamsifia mtoto, kisha akamzunguka Dovie mara mbili bila kucheka. Alisema kichwa kile hajakiona mwaka huu. Akauliza ni nani aliyemzalisha. Rhetta alisema ni yeye, na sauti yake ikatoka ndogo kuliko alivyotaka. Nedra akasema watazungumza baada ya kipimo. Kisha akatazama chini. Kwato zilikuwa zimeshapakwa rangi nyeusi ya maonyesho inayong'aa kama viatu vya askari, lakini Dovie alikuwa akihamisha uzito, mguu huu, mguu ule, kama mtu aliyesimama juu ya bati la moto.

"Kachoka na safari," Orval akasema haraka.

Jumamosi asubuhi walipanga foleni ya kipimo. Kutoka zizini mpaka chumba cha kupimia ni sakafu ya saruji, hatua kama themanini, na Dovie alizitembea zote kana kwamba sakafu ilikuwa imemwagiwa misumari. Marnie aliyekuwa ameshika mkia wa hatamu aliuliza kwa nini Dovie anatembea kibibi. Orval akamwambia wanawake warembo hawana haraka. Rhetta aliendelea kutazama mbele.

Mpimaji alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Alimsimamisha Dovie kwenye jiwe lililosawazishwa, akautafuta kwa kidole unywele wa mwisho wa shingo, akaushusha mkono wa kipimo, akaangalia pima maji kama kipovu kimetulia katikati. Mwenzake akasoma upya.

"Thelathini na tatu na robo," mpimaji alisema. "Wa kudumu. Hongera."

Rhetta akamwomba arudie. Yule mama, akidhani ni furaha, akarudia kwa tabasamu.

Walikuwa wameshatoka nje, karibu na mabomba ya kuoshea farasi, Orval akiwa ameshasema sana na kuwapungia mikono watu watatu, ndipo hesabu ilipomkamata Rhetta. Fimbo ya nyumbani ilisema na robo tatu. Jiwe la hapa limesema na robo. Kuna nusu inchi imepotea njiani kati ya Ardmore na hapa. Na kama fimbo ya nyumbani ilizidisha nusu inchi baada ya kukata, basi ilizidisha nusu ile ile kabla ya kukata. Alhamisi Dovie hakuwa na inchi thelathini na nne na robo. Alikuwa na thelathini na tatu na robo tatu. Alikuwa ndani. Alikuwa ndani na miguu yake mizima.

Akamuuliza Orval, fimbo ina nini.

Mzee aliivua kofia yake, akaichungulia ndani kama aliyeweka jibu humo. Akasema fimbo haina kitu. Kisha akasema, labda unyevu. Mwishowe akasema kwamba wakati wa baridi iliyopita, mwisho wa chini wa fimbo, uliokuwa umesimama kwenye kona yenye maji, ulikuwa umeoza. Akaukata kwa msumeno. Kipande kidogo tu, usawa wa kucha ya kidole gumba. Alikuwa amekusudia kuzichora namba upya, maana fimbo iliyopungua chini husoma zaidi ya kweli, ila siku ile ile jike la kijivu likaanza uchungu, na jambo likapita.

"Ulikumbuka Alhamisi?"

Orval akairudisha kofia kichwani.

"Nilikumbuka tukiwa barabarani," alisema. "Pale Gainesville, tuliposimama kunywa kahawa. Ningekwambia ili iweje? Kwato zilishakatwa."

Maji yalikuwa yakimiminika kutoka kwenye bomba ambalo mtu aliliacha wazi. Rhetta alikwenda akalifunga. Alitaka kumtukana, na matusi yalikuwepo, tena ya kutosha, lakini kila alilolichagua lilimrudia mwenyewe. Mzee alikata. Lakini aliyeushika mguu ni nani? Ni nani aliyeiona ile waridi na kunyamaza? Alimwambia tu kwamba asimguse tena Dovie. Orval akaitikia kwa kichwa na kwenda zake kwenye makochi ya Nedra, akakaa kimya, jambo ambalo watu walilitania mpaka jioni.

Siku nzima Rhetta alimsimamisha Dovie kwenye ndoo za barafu, miguu miwili miwili. Alijua la kufanya kesho. Aliondoe jina la Dovie kwenye orodha, basi. Alilijua kama anavyolijua jina lake. Lakini Jumapili kulipokucha, Dovie alikula nyasi zake zote na kutembea hatua chache kwenye maranda bila kuchechemea sana, na tumaini, kile kitu kisicho na aibu, likaanza kumnong'oneza. Uwanja wenyewe ni mchanga laini. Ni dakika tano tu. Miaka mitano kwa dakika tano. Marnie alikuwa ameshavaa gauni lake la njano na amekaa kwenye jukwaa la watazamaji na babu yake, bango magotini.

Akambadilisha hatamu, akazipaka kwato rangi nyeusi mara ya pili, akaingia.

Walikuwa majike ishirini na wawili, wakiongozwa na wafugaji wenyewe, si wakufunzi wa kulipwa. Walipangwa mstari, shingo mbele, miguu imenyooshwa. Na hapo, kwenye kusimama, Dovie alikuwa mzuri kiasi cha kuumiza moyo. Jaji, mzee mwembamba mwenye masharubu meupe, alipita mstari mzima, akarudi, akasimama mbele yake tena. Rhetta aliona kalamu ikigusa karatasi. Jukwaani watu walianza kunong'ona.

Kisha wakaambiwa wakimbie, mmoja mmoja, kwenda na kurudi.

Dovie alikwenda hatua tatu vizuri, kwa sababu Rhetta alimwomba. Ya nne akaikatiza. Ya tano akaushusha mguu kama anayeshuka ngazi gizani. Kichwa kikaanza kupanda na kushuka, na kila mtu pale anayejua farasi, yaani kila mtu, alijua maana ya kichwa kile: miguu inauma. Lakini hakusimama. Kamba haikuwa imekazwa hata kidogo. Aliendelea kumfuata Rhetta mpaka mwisho na kurudi, masikio yamemwelekea yeye.

Jaji alimkaribia. Hakuwa na haja ya kuinama, lakini aliinama, akaweka kiganja juu ya ukwato, akakiacha hapo kwa muda. Joto lilikuwa linapenya kwenye rangi. Akauinua mguu kidogo, akauchungulia chini, akaurudisha mchangani kwa uangalifu kama anayeweka yai.

"Nani alimkata kwato?"

Rhetta alitazama jukwaani. Orval alikuwa amesimama. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, labda alikuwa anajiandaa kusema kitu, labda alikuwa anaogopa. Ingekuwa rahisi sana kumtaja. Ingekuwa nusu kweli.

"Mimi," alisema Rhetta.

Yule mzee akamtazama, si kwa hasira. Laiti ingekuwa hasira.

"Mtoe, mama. Polepole. Usimpitishe kwenye saruji, zunguka kwenye mchanga."

Wakazunguka kwenye mchanga, njia ndefu, mbele ya watu wote, na bango la Marnie likashuka taratibu jukwaani.

Zizini mtoto alimkuta mama yake amekaa kwenye maranda, suruali yake nzuri imelowa barafu. Akauliza Dovie amefanya kosa gani. Rhetta akamwambia Dovie hakufanya kosa, kosa ni la mama. Alimwumiza miguu kwa kutaka kushinda. Marnie alilifikiria hilo. Akauliza kama Dovie anajua. Rhetta akasema hajui, ndiyo maana inauma. Mtoto akaja kukaa, si karibu na mama yake, upande wa pili, chini ya shingo ya farasi.

Nedra Colfax alikuja baadaye, akiwa amebeba maua ya ushindi, maana jike lake ndilo lililochukua taji. Akayaweka juu ya ukuta wa mbao.

"Mpenzi, usijitie wazimu," alisema. "Miezi minne zinaota. Tena mimi simtaki akimbie, namtaka azae. Jike mwenye kichwa kile, na cheti cha thelathini na tatu na robo? Na robo, mpenzi. Nitamchukua hata leo, na jina lako litabaki kwenye mstari."

Hayo ndiyo maneno aliyoyaota miaka mitano, na yalikuja yakiwa na harufu ya tupa. Rhetta alimshukuru, akasema Dovie haendi popote. Nedra akasema Rhetta atafikiri tena akitulia. Alipoondoka, akayasahau maua, au aliyaacha makusudi.

Jioni kabla ya kuondoka Rhetta alikwenda ofisini kuchukua cheti. Kijana wa kike aliyekuwa mezani alikitoa kwenye bahasha, akamwonyesha kwa kalamu mahali pa mmiliki kutia sahihi. Urefu wa kudumu: inchi 33¼.

"Samahani," Rhetta alisema. "Urefu huu si wake. Kwato zikiota atakuwa na nusu inchi zaidi. Bado yuko chini ya mwisho, lakini si huu. Hatuwezi kusubiri apimwe tena?"

Yule kijana alimtazama mwenzake wa meza ya pili, wote wakacheka kwa upole.

"Mama, nipo hapa mwaka wa saba. Wanakuja wanalia, wanakuja na mawakili. Hajaja hata mmoja kuomba farasi wake arefushwe." Akakisogeza cheti karibu. "Ni wa kudumu. Ukikataa kusaini, anafutwa."

Nje, Orval alikuwa ameshawasha pikapu. Marnie alikuwa nyuma, kwenye trela, ingawa aliambiwa asikae huko, na sauti yake ilisikika akimhesabia Dovie kitu polepole. Rhetta akaangalia mstari wa mfugaji, jina lake limechapwa vizuri, herufi zote zipo. Kisha mstari wa urefu chini yake. Ndivyo itakavyosomwa, na wajukuu wa Dovie watapimwa kwa namba ile, na watu watasema, loo, alikuwa mfupi kweli.

Akatia sahihi.